Daktari akiwekewa masharti ya utendaji: nani anayasimamia, na huwa yanavunjikia wapi?

Mratibu_Kliniki

Wakuu, salaam. Naandaa utaratibu wa ndani wa hospitali kuhusu daktari anayeruhusiwa kuendelea na kazi chini ya masharti ya baraza la madaktari, yaani chombo kinachowasajili na kuwaadhibu. Ngazi za adhabu nazijua: onyo, masharti, kusimamishwa, kufutwa kwenye rejista. Ninachotaka ni kile ambacho sheria haikisemi kwa kirefu.

Kwanza, amri ya muda inayotolewa kabla shauri halijasikilizwa ina tofauti gani kiutendaji na masharti ya uamuzi wa mwisho? Wengi wakiisikia wanamhesabu daktari kama aliyekwishatiwa hatiani. Pili, msimamizi wa kliniki anayetajwa kwenye masharti anatakiwa afanye nini hasa? Mmoja anadhani inatosha kuwa jengo moja na daktari, mwingine anadhani ni kusimama naye kando ya meza ya upasuaji. Tatu, makosa gani hayafai kuwekewa masharti kabisa?

Naomba majibu ya utekelezaji, ya semina tunayo ya kutosha.

---

Wakili_wa_Majopo

Naanza na la kwanza, maana likieleweka vibaya na mengine yanapinda.

Amri ya muda haiamui nani mkweli. Jopo la baraza linaloitoa haliiti mashahidi wa pande zote wala halichambui ushahidi hadi mwisho. Linaangalia tuhuma na nyaraka zilizoambatana nazo, kisha linajiuliza kama kuna hatari kwa wagonjwa, kwa umma au kwa daktari mwenyewe isiyoweza kusubiri shauri lisikilizwe. Ndiyo maana inaweza kutoka haraka, na ndiyo maana huwa na ukomo. Uingereza ukomo wake ni miezi 18, na lazima ipitiwe upya ndani ya miezi 6; baraza likitaka kuivusha hapo linakwenda Mahakama Kuu kuomba. Australia wanaiita hatua ya haraka, iko kwenye kifungu cha 156 cha sheria yao ya wataalamu wa afya.

Sasa hospitali hukosea pande mbili. Kuna wanaoandika kwenye faili la ajira kwamba daktari "amepatikana na kosa", jambo ambalo ni uongo kisheria na litarudi kwa barua ya wakili. Andika tu: yuko chini ya amri ya muda ya tarehe fulani, mapitio ni tarehe fulani, masharti ni haya. Na kuna wanaodhani kwa kuwa hatia bado haipo, basi masharti hayo ni ushauri. Kuyavunja ni tuhuma mpya inayojitegemea, na mara nyingi inathibitishika kirahisi kuliko ile ya mwanzo: ratiba ya zamu na cheti kimoja cha dawa vinatosha.

Shauri lenyewe, katika mifumo iliyofuata ule wa Kiingereza, hupita hatua tatu. Kwanza ukweli: lipi limethibitika, lipi halikuthibitika. Halafu jopo linaamua kama yaliyothibitika ni utovu mzito wa kitaaluma, na kama kwa sababu hiyo kufaa kwake kufanya kazi kumepungua *kwa sasa*. Adhabu huja mwisho. Daktari asiyejua mpangilio huu hujiharibia: anatoa machozi na barua za sifa kwenye hatua ya ukweli, mahali zisipohitajika, halafu kwenye hatua ya adhabu anarudi kubishana na ukweli uliokwisha kuamuliwa.

Hilo la "kwa sasa" lina uzito mkubwa. Kesi ya daktari Cohen dhidi ya baraza, ya mwaka 2008 nchini Uingereza, iliacha maswali matatu ambayo bado yanaongoza majopo: je, kosa linarekebishika kwa urahisi, limesharekebishwa, na je, uwezekano wa kurudiwa ni mdogo sana? Daktari aliyekosea dozi, kisha akasoma upya eneo hilo, majalada yake yakakaguliwa na mtu huru na yakaonekana safi, anaweza kuthibitishiwa kila tuhuma na bado jopo likasema leo anafaa. Aliyebadilisha maandishi kwenye jalada baada ya malalamiko kufika hana njia nyepesi hiyo. Udanganyifu hauna kozi ya siku mbili inayomshawishi mtu. Na kuugundua si kazi: mfumo wa kielektroniki unahifadhi nani aliingia saa ngapi na alibadilisha nini, na kwenye karatasi mistari iliyobanwa ukingoni kwa wino tofauti inaonekana hata kwa macho matupu. Nyongeza halali ipo na haijawahi kukatazwa. Unaandika chini ya maandishi yaliyopo, unatia tarehe na saa ya siku unayoandika, na unasema wazi kuwa ni nyongeza.

Kama hospitali ndiyo inayopeleka malalamiko, angalieni jinsi mnavyoyaandika, kwa sababu mara nyingi hati ya mashtaka huzaliwa na barua yenu. "Hakumhudumia mgonjwa A ipasavyo" haina mwili. Tuhuma inayosimama inataja tarehe, kitendo na kilichopungua: hakuangalia kumbukumbu ya mzio kabla ya kuandika penisilini, hakurudi kumwona baada ya kuitwa mara mbili na muuguzi, hakuandika sababu ya kutorudi. Na kama mnadai alidanganya, udanganyifu uandikwe peke yake na waziwazi. Jopo haliwezi kumkuta na udanganyifu ambao hakushtakiwa nao, hata kama kila mtu chumbani ameuona.

Shahidi mtaalamu naye aulizwe swali sahihi. Uingereza wataalamu hutenganisha huduma iliyo chini ya kiwango na iliyo chini *sana* ya kiwango kinachotarajiwa kwa daktari wa ngazi hiyo. Ni hiyo ya pili inayobeba utovu wa kitaaluma. Ripoti isiyosema ipi kati ya hizo mbili itarudishwa, au mbaya zaidi, itapondwa kwenye maswali ya upande wa utetezi.

Kuhusu uzito wa ushahidi, msifikiri ni ule wa jinai. Uingereza waliacha kiwango cha jinai mwaka 2008, sasa inatosha jambo liwe na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa limetokea kuliko kutotokea. Marekani inategemea jimbo. California inadai ushahidi wa wazi na wa kushawishi, kiwango kilicho kati ya kile cha kesi za madai na kile cha jinai. Ndiyo maana daktari anaweza kuachiwa na mahakama ya jinai kisha akafutwa na baraza kwa tukio lilelile bila ukinzani wowote.

Kinyume chake nacho kina mipaka. Kwenye kesi ya Bawa-Garba ya Uingereza, daktari alikuwa ametiwa hatiani kwa kusababisha kifo cha mtoto kwa uzembe mkubwa. Jopo lilimsimamisha miezi 12, Mahakama Kuu ikamfuta Januari 2018, na Mahakama ya Rufani mwezi Agosti mwaka huohuo ikarudisha ile miezi 12. Hatia ya mahakama ya jinai haifukuliwi na jopo, lakini jopo lina haki ya kupima mazingira ya kazi ya siku ile linapochagua adhabu.

---

Mfuatiliaji

Najibu swali la pili. Sharti zuri lina kipimo kimoja: mtu mwingine, asiyemtegemea daktari huyo, awe na uwezo wa kusema ndiyo au hapana kama limefuatwa wiki hii. "Aboreshe mawasiliano na wagonjwa" si sharti. "Asifanye upasuaji wa kizazi bila daktari bingwa aliyetajwa kuwepo chumbani tangu ngozi inapopasuliwa hadi inapofungwa" ni sharti.

Kwenye usimamizi, mpangilio wa Uingereza una ngazi zinazosaidia hata walio nje ya mfumo huo. Ngazi ya juu ni usimamizi wa moja kwa moja: msimamizi yupo hapohapo na anaona kila kinachofanyika. Ya kati ni usimamizi wa karibu: msimamizi yuko eneo lilelile la kazi na anapatikana muda wote, na wanakaa rasmi kila wiki kujadili wagonjwa. Ya chini, msimamizi anaweza kuwa jengo jingine ili mradi apatikane kwa ushauri, na kikao ni angalau mara moja kila wiki mbili. Kwa hiyo soma maneno ya amri yenyewe, Mratibu. Ikikaa kimya, liandikie baraza likufafanulie kabla daktari hajaanza zamu ya kwanza, na jibu lake liwe la maandishi.

Msimamizi asiwe ndugu, mbia wa biashara, mtu wa ngazi ya chini yake, wala mtu ambaye mkataba wake unasainiwa na daktari huyo. Hili la mwisho ndilo linalozisumbua kliniki binafsi: mwenye kliniki amewekewa masharti, msimamizi ni mwajiriwa wake. Ripoti zake zote zitakuwa nzuri. Tafuteni mtu wa nje.

Kwenye kikao cha wiki, majalada ayachague msimamizi, daktari asiguse uchaguzi huo. Chukua orodha yote ya wagonjwa wa wiki, chomoa kwa namba (kila wa saba, kwa mfano), halafu ongeza wale waliorudi ndani ya siku chache au waliopelekwa kwingine kwa dharura. Ukimwachia daktari akuletee, utaona kazi yake bora tu. Kwenye ripoti andika namba za majalada, kilichojadiliwa, mlichokubaliana kubadilisha, na kama kilichokubaliwa wiki iliyopita kimefanyika. Ripoti ya "anaendelea vizuri" jopo la mapitio huiweka kando, na anayeumia ni daktari mwenyewe kwa sababu hana cha kuonyesha.

Katazo la dawa zinazodhibitiwa ndilo lenye matundu mengi. Daktari haandiki morfini, sawa. Je, anaidhinisha cheti cha mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani ambacho msaidizi ameshakijaza? Anatoa agizo kwa simu usiku? Anashika funguo za kabati? Anasaini daftari kama shahidi dawa iliyobaki inapomwagwa? Amri nyingi zinataja kuandika peke yake, hayo mengine yanabaki wazi. Ziba kwenye mfumo: akaunti yake izuiwe kundi zima la dawa hizo, duka la dawa lipewe jina lake kwa maandishi, na mkuu wa zamu ajue ni nani wa kuitwa badala yake. Usipomtaja mbadala, saa nane usiku mgonjwa ana maumivu na kila mtu atapuuza katazo kwa nia njema.

Kama tatizo ni ulevi au dawa za kulevya, upimaji uwe wa kushtukiza na sampuli itolewe mbele ya mtu. Igawanywe chupa mbili zilizofungwa kwa lakiri, ya pili ikae kwa ajili ya kubishaniwa. Mkojo unaonyesha siku chache tu kwa dawa nyingi. Nywele hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo kipande cha sentimita 3 kutoka kwenye ngozi kinaeleza takribani miezi 3. Maabara ipime pia kreatinini, taka ya kawaida ya mwili inayotoka kwenye mkojo. Ikiwa chini ya miligramu 20 kwa desilita, mkojo umezimuliwa, na jibu hasi la namna hiyo halina maana yoyote. Kuchelewa kufika kutoa sampuli nako kuandikwe saa kwa saa.

Swali la tatu kwa ufupi: masharti yanafaa pale pengo linapojulikana, linapimika na daktari amekubali kuwa lipo. Upungufu wa ujuzi katika eneo moja, ugonjwa unaotibika, uandishi mbovu wa majalada. Hayafai kwa udanganyifu wa makusudi, ukatili, unyanyasaji wa kingono, wala kwa mtu anayesema hadi dakika ya mwisho kwamba wagonjwa wote ni waongo. Hapo hakuna cha kusimamia. Na masharti yanayomkataza karibu kila kitu ni kusimamishwa kwa mlango wa nyuma; jopo likifika huko limsimamishe wazi.

---

Muuguzi_Mwandamizi

Naongeza kuhusu sharti ambalo Mfuatiliaji amelipita: la kuwa na mtu wa tatu chumbani daktari anapowachunguza wagonjwa, hasa kwenye tuhuma za kuwagusa isivyofaa. Naona linategemewa kupita uwezo wake.

Australia walilifanyia mapitio huru, na ripoti ya Februari 2017 ikapendekeza lisitumike tena kama kinga ya muda tuhuma za namna hiyo zinapochunguzwa. Wagonjwa walikuwa hawaambiwi sababu ya yule mtu kuwepo, wakidhani ni mwanafunzi au msaidizi, kwa hiyo hawakuweza kuamua kwa kujua kama waingie au waondoke. Njia zilizopendekezwa badala yake ni kumzuia kabisa kuwaona wagonjwa wa jinsia fulani, au kumsimamisha.

Kama amri yenu bado ina sharti hilo, basi lifanyeni kwa ukamilifu. Mtu huyo asiwe karani wa mapokezi aliyevutwa kutoka kaunta. Awe mhudumu aliyefundishwa, anayejua uchunguzi huo kwa kawaida hufanywaje, na mwenye ruhusa ya kusema "daktari, simama". Akae mahali anapoona mikono. Nyuma ya pazia hajashuhudia chochote. Aingie kabla mgonjwa hajavua nguo na asitoke kuchukua glavu wala kupokea simu. Daftari liwe na tarehe, namba ya mgonjwa, aina ya uchunguzi, jina na saini yake akiandika mwenyewe papo hapo. Siku ambayo hapakuwa na uchunguzi wa namna hiyo iandikwe "hakuna", kwa sababu ukurasa mtupu hausemi kama hapakuwa na mgonjwa au hapakuwa na shahidi. Kisha mtu mwingine alinganishe daftari na orodha ya miadi. Hapo ndipo pengo huonekana.

Mgonjwa akikataa mtu wa tatu, daktari hamchunguzi. Anapangiwa daktari mwingine siku hiyohiyo. Mgonjwa hana uwezo wa kulisamehe sharti la baraza.

---

Mratibu_Kliniki

Shukrani sana, haya ndiyo niliyoyafuata. Mawili yamebaki. Daktari akijiuzulu katikati ya uchunguzi wetu wa ndani, tunafunga faili? Na anayewahudumia wagonjwa kwa simu au video kutoka kwingine, masharti yanamfuata?

---

Afisa_Rejista

Msifunge. Kujiuzulu kunakatisha ajira, hakugusi usajili wake. Kamilisheni mnachoweza, hifadhini ushahidi (majalada halisi, nakala ya kumbukumbu za mfumo kabla hazijafutwa kwa ratiba, maelezo ya mashahidi yaliyosainiwa) na mpelekee baraza. Marekani wamelifunga tundu hili kisheria: hazina ya taifa ya taarifa za watoa huduma, iliyoanza kazi mwaka 1990, inadai hospitali itoe taarifa hata pale daktari anapoachia haki zake za kutibu hospitalini wakati anachunguzwa kwa sababu za uwezo au mwenendo, au anapoziachia ili asichunguzwe. Vilevile, hatua yoyote ya kitaaluma inayogusa haki hizo kwa zaidi ya siku 30 huripotiwa. Ndiyo asili ya zile adhabu za ajabu za siku 29 unazoziona; anayezisoma anaelewa mara moja kilichokuwa kinakwepwa.

Makubaliano ya kuachana kwa amani yasiwe na kipengele cha kutotoa taarifa kwa baraza. Hata kikisainiwa, hakitawalinda ninyi.

Daktari anaweza pia kuomba jina lake litolewe kwenye rejista kwa hiari. Baraza lenye shauri linaloendelea linaweza kulikataa ombi hilo, na mara nyingi linafanya hivyo, kwa sababu akishatoka linapoteza mamlaka juu yake na rekodi inabaki bila uamuzi.

Kuhusu simu na video: sharti limefungwa kwenye usajili, kwa hiyo linamfuata popote anapoutumia usajili huo. Kinachovuka mpaka kwa shida ni taarifa. Akiomba kusajiliwa nchi nyingine, cheti cha hali njema (kinachoeleza hali ya usajili wake na kama ana adhabu) kiende moja kwa moja kutoka baraza moja hadi jingine. Kilichopita mikononi mwa mwombaji kirudisheni, hata kama kina muhuri. Angalieni na tarehe: cha Uingereza kinatumika miezi 3 tu, na katika muda huo amri ya muda inaweza kuwa imeshatoka. Rejista za mtandaoni ndizo za kuangalia siku ya kumwajiri, halafu tena siku ya kuanza kazi.

Jambo moja ambalo ratiba zenu zitagongana nalo. Uamuzi wa jopo si lazima uanze siku uliposomwa. Uingereza daktari ana siku 28 za kukata rufaa, na adhabu inasubiri muda huo upite, au rufaa iamuliwe, isipokuwa jopo litoe amri ya papo hapo. Hivyo daktari aliyesomewa kufutwa Jumatatu anaweza kisheria kuwa kazini Jumanne. Someni mstari wa mwisho wa uamuzi, ndipo mtakuta kama amri ya papo hapo ipo.

Aliyesimamishwa haonani na wagonjwa, haandiki dawa, hasaini vyeti vya kifo wala vya ugonjwa. Anaweza kuhudhuria mafunzo na kutazama kliniki kama mtazamaji mkiridhia, na inampasa, maana kwenye mapitio yeye ndiye atakayetakiwa kulishawishi jopo kwamba yuko tayari kurudi. Aje na kumbukumbu za mafunzo zinazogusa kosa lake hasa, ripoti za mtu huru, na maandishi yake mwenyewe yanayoeleza mgonjwa aliathirikaje. Bunda la vyeti vya makongamano yasiyohusiana halimsaidii. Uingereza masharti hayazidi miaka 3 kwa mara moja na kusimamishwa hakuzidi miezi 12, na mapitio huitishwa kabla muda haujaisha. Aliyefutwa husubiri miaka 5 kabla ya kuomba kurudishwa.

Kwenye ratiba ya zamu, Mratibu, usiandike tuhuma wala neno "baraza". "Asipangwe peke yake usiku, dawa zinazodhibitiwa zisainiwe na fulani" inatosha kwa mpanga zamu. Amri kamili ikae kwa watu watatu: mkurugenzi wa tiba, msimamizi aliyetajwa, na mbadala wake kwa siku za likizo. Mbadala huyo naye athibitishwe na baraza mapema. Likizo ya msimamizi ikianza bila mbadala, daktari hafanyi kazi hadi mbadala apatikane.